Sijui si Sifuri

Tuseme droni imewekwa juu ya nyasi Kahororo, katika Manispaa ya Bukoba, tayari kuruka kuelekea ziwani. Propela zimekazwa, setilaiti zimepatikana, na skrini ya kompyuta imejaa namba: mwinuko, mwelekeo, nguvu ya redio. Sehemu moja tu ni tupu. Pale panapopaswa kusomeka volti za betri pana vistari viwili, au pana sifuri. Umeme upo, kwa sababu taa zinawaka na mota zikijaribiwa zinazunguka. Kisichojulikana ni kiasi kilichobaki. Mbele ni maji hadi kisiwa cha Musira, na baada ya Musira ni maji tena, na chombo kinachoishiwa umeme juu ya maji hakina pa kuegeshwa. Kwa fundi hili ni tatizo la kawaida, la kumalizwa kwa bisibisi na subira kidogo. Lakini ndani yake limo swali ambalo watu wa dini na wa falsafa wamelihangaikia kwa majina mengine tangu kale: mtu afanye nini na kimya cha kitu alichokitegemea kimwambie ukweli?

Jibu ninalolitetea ni hili. Kutojua ni hali halisi yenye jina lake, na inastahili kuandikwa kwa jina hilo. Anayeijaza kwa sifuri, anayeijaza kwa makisio aliyoyavika sura ya kipimo, na anayeijaza kwa jina la Mungu, wote watatu wanafanya kosa moja: wanaliondoa pengo mbele ya macho na kuliacha palepale lilipo. Na anayekuja kutumbukia humo mara nyingi ni mtu mwingine, ambaye hakuulizwa.

Tuanze na namba yenyewe, kwa sababu namba ya betri haiji peke yake. Betri ya lithiamu yenye seli 4, ikijaa, hufikia volti 16.8. Kontrola ya droni, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza, haiwezi kupokea umeme huo moja kwa moja; pini zake za kupimia kwa kawaida hazivumilii zaidi ya volti 3.3. Kwa hiyo kati ya betri na kontrola huwekwa moduli ya umeme, ambayo huzigawa volti hizo ziwe ndogo kiasi cha kupimika. Moduli huunganishwa na kontrola kwa soketi ndogo, mara nyingi ya nyaya 6: mbili za kuilisha kontrola kwa volti 5, mbili za hasi, moja ya kupeleka habari ya volti na moja ya kupeleka habari ya mkondo. Kontrola husoma volti zile zilizopunguzwa, huzizidisha kwa kizidisho kilichoandikwa katika mipangilio yake, kisha huituma namba kwa redio hadi kwenye skrini. Namba inapokosekana, fundi huifuata njia hiyo kituo baada ya kituo. Huanza na betri yenyewe kwa multimita. Huichomoa soketi na kutazama kama kuna pini iliyorudi ndani au waya uliokatika chini ya ganda lake, ambako jicho halioni. Huangalia kama mipangilio inataja pini sahihi na kizidisho sahihi. Mwisho hukagua redio na programu ya skrini.

Msomaji aliyesoma elimu ya hadithi atakuwa ameitambua kazi hii. Ni ukaguzi wa isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi. Maneno yanayonasibishwa na Mtume hayapokewi kwa uzuri wake tu. Huulizwa nani alimsikia nani, walikutana wapi, na kama yuko mmoja kati yao ambaye kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu. Isnadi ikikatika mahali pamoja, habari huhesabiwa kuwa daifu. Lakini tutazame vizuri hukumu hiyo, maana ndani yake kuna busara ambayo wengi huipita. Mwanazuoni anayesema isnadi hii imekatika hasemi kwamba Mtume hakuyatamka maneno yale. Anasema hayajathibiti. Anaitofautisha habari daifu na habari ya kutungwa, na anaacha mlango wazi kwa njia nyingine itakayoweza kuithibitisha. Amepata nafasi ya tatu kati ya ndiyo na hapana, akaipa jina, akaiwekea kanuni. Hali ya droni yetu ni hiyohiyo. Pengo kwenye skrini halisemi kwamba betri imekwisha, wala halisemi kwamba imejaa. Linasema isnadi imekatika.

Watu waliounda lugha ya droni walilazimika kulitatua jambo hili, na namna walivyolitatua inastahili kutazamwa kwa karibu. Droni nyingi zinazoendeshwa kwa programu huria, kama ArduPilot na PX4, huzungumza na kompyuta iliyo chini kwa lugha iitwayo MAVLink, iliyoanzishwa na Lorenz Meier mwaka 2009. Katika ujumbe wake wa betri kuna nafasi ya asilimia iliyobaki, kuanzia 0 hadi 100. Nje ya safu hiyo ikaongezwa thamani moja zaidi: hasi 1. Sifuri maana yake betri imekwisha. Hasi 1 maana yake asilimia haijulikani. Hakuna betri duniani yenye asilimia hasi 1, na hapo ndipo ilipo hekima yake, kwa sababu alama ya kutojua haiwezi kudhaniwa kuwa hali yoyote ya betri. Kwa upande wa volti alama ni 65535, namba kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia katika nafasi ile. Programu ya skrini isiyoielewa alama hiyo huichukulia kuwa ni milivolti, na rubani akainua macho na kuona volti 65.5 kwenye betri isiyoweza kuzidi 16.8. Kontrola ilisema kwa uaminifu kwamba haijui. Aliyepokea habari ndiye aliyeigeuza kuwa utajiri.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba mashine haijui lolote, hata kutojua kwake haikujui, na kwamba hasi 1 ni mapatano tu ya wahandisi. Ni kweli, na ukweli huo unaipa hoja nguvu zaidi. Uaminifu uliomo ndani ya mashine ni uaminifu wa watu, umewekwa akiba humo. Kuna mtu aliyekaa akafikiri: siku moja kipimo kitakosekana, na siku hiyo chombo hiki kiseme nini? Angeweza kuchagua sifuri, ambayo ni rahisi na haihitaji maelezo. Alichagua alama ambayo haiwezi kumdanganya mtu. Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, husimuliwa kwamba alipoletewa maswali mengi, sehemu kubwa aliyajibu kwa neno moja: sijui. Heshima yake haikupungua kwa hilo, na wanafunzi wake walilisimulia kama sehemu ya elimu yake. Sokrates, kabla yake, alikwenda mbele ya mahakama ya Athene akijitetea kwamba kama ana hekima yoyote kuwazidi wengine, ni kule kutojidai kujua asichokijua. Mwanazuoni, mwanafalsafa na mhandisi wamekutana mahali pamoja: neno sijui lina kazi ambayo neno jingine haliwezi kuifanya.

Kazi hiyo huonekana vizuri zaidi pale ilipokosekana. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliondoka Montreal kuelekea Edmonton ikiwa na geji za mafuta zisizofanya kazi. Skrini zilikuwa tupu, kama ya droni yetu. Mafuta yalipimwa kwa vijiti vya kuchovya, lita zikapatikana, kisha zikageuzwa kuwa uzito. Katika kugeuza ikatumika namba ya ratili badala ya namba ya kilo. Safari ilihitaji kilo 22,300. Iliyokuwemo haikufika nusu. Mafuta yalianza kukatika ndege ikiwa futi 41,000, injini zikanyamaza, na rubani akaiteremsha bila injini hadi uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli, watu wote 69 wakiwa hai. Tuulize: nani alidanganya katika kisa hicho? Si geji. Geji ilikuwa tupu na ikasema kweli: mimi sijui. Hatari iliingia pale pengo lilipojazwa namba, namba ikaandikwa kwenye karatasi na kuingizwa katika kompyuta ya ndege, na tangu hapo hakuna aliyeikumbuka kuwa ilikuwa makisio.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Tarehe 6 Agosti 2005 ndege ya Tuninter aina ya ATR 72 iliruka kutoka Bari, Italia, kwenda Djerba, Tunisia. Siku moja kabla ilikuwa imefungwa kipimo kipya cha mafuta, lakini kipimo hicho kilikuwa cha ATR 42, ndege ndogo kuliko hiyo yenye matangi tofauti. Matangi yalikauka huku geji ikiendelea kuonyesha kwamba mafuta yapo. Ndege ilitua baharini karibu na Sisilia, na kati ya watu 39 waliokuwemo, 16 walikufa. Watu wa Bukoba wanazijua ATR, na tangu asubuhi ya 6 Novemba 2022, ilipoanguka moja ziwani mbele ya uwanja wao na kuua watu 19, wanajua kwa maumivu maji ni nini kwa ndege, ingawa ile ya Bukoba haikuwa na habari ya geji. Tukiweka Gimli na Sisilia pamoja, mpangilio wa ubaya unajitokeza. Kimya ni kibaya kiasi. Makisio yaliyosahauliwa kuwa ni makisio ni mabaya zaidi. Namba yenye uhakika wa uongo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamnyang'anya mtu hata shaka ambayo ingemwokoa. Mafundi wa droni wanalijua hili kwa udogo wake. Pini ya kupimia isiyounganishwa na kitu haisomi sifuri kila mara. Huelea, ikiokota umeme mdogo wa nyaya za jirani, na namba yake hupanda na kushuka polepole kama kitu chenye uhai. Rubani akiitazama juujuu huridhika kwamba betri inasomwa.

Lakini hoja hii isingestahili kurasa nyingi kama ingeishia kwenye vyombo vya kurukia. Ziwa hili lina kumbukumbu nyingine ya kipimo kilichokosekana. Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia Mwanza, imetoka Bukoba na kupitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443. Daraja la tatu, lile la nauli nafuu, halikuwa na orodha. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, na wapo wanaoifikisha karibu 1,000; wengi wao walizikwa pamoja Igoma, Mwanza. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walifika 228. Iliripotiwa kwamba mkata tiketi naye alikufa na mashine yake ya kumbukumbu ikapotea, hivyo hesabu yenyewe ya abiria ikazama pamoja nao.

Fikiria maana ya daraja la tatu kutokuwa na orodha. Waliokuwemo walikuwa na uzito, na meli iliuhisi uzito huo kila mmoja wao alipokanyaga sitaha. Walikuwa na majina waliyopewa na bibi zao, walikuwa na mikungu ya ndizi, na walikuwa na watu waliokuwa wakiwangoja gatini. Kwenye karatasi hawakuwepo. Nafasi tupu kwenye karatasi, kwa anayejumlisha, husomeka sifuri, na sifuri haimzuii mtu kung'oa nanga. Kama pale pangeandikwa kwa uaminifu kwamba idadi haijulikani, anayejumlisha angekwama, kwa sababu huwezi kujumlisha 443 na sijui ukapata jibu la kukuruhusu kuondoka. Hapo ndipo tofauti ya sijui na sifuri inapoacha kuwa jambo la hesabu na kuwa jambo la haki. Sifuri humfuta mtu. Sijui humwachia nafasi yake, na hutudai tukamtafute. Tofauti kati ya watu 894 na watu 1,000 ni zaidi ya watu 100, na kila mmoja wao alikuwa mzima, mtu mmoja kamili, kabla hajawa sehemu ya tofauti hiyo.

Sasa tuje kwa wanaopinga. Wa kwanza watasema kwamba wazee wetu waliishi bila geji wala skrini na hawakuangamia. Mvuvi wa Bumbire au Goziba alivuka usiku bila kifaa chochote. Wahaya walifua chuma, tena chuma cha pua, katika matanuri ya pwani hii karibu miaka 2,000 iliyopita, kama Peter Schmidt na wenzake walivyoeleza baada ya uchimbaji wao huko Kemondo, na hawakuwa na kipimajoto. Kwa nini basi kuogopa nafasi moja tupu kwenye kioo? Pingamizi hili linastahili heshima, lakini linawadharau wazee likidhani linawasifu. Wazee hawakufanya kazi bila vipimo. Mfua chuma husoma rangi ya moto na sauti ya viriba. Mvuvi husoma rangi ya mawingu, upepo wa shavuni na namna maji yanavyoupiga mtumbwi. Hivyo ni vipimo, na isnadi yake ilikuwa fupi na imara: kutoka kwenye kitu hadi kwenye mwili wa mjuzi, bila mtu wa kati. Na mjuzi alijua vilipomtoka. Ukungu ukishuka, mvuvi mzoefu hasemi mawingu ni meupe. Anasema sioni, na anasubiri. Droni imeyaondoa macho na masikio yetu kwenye chombo na kuyaweka mwisho wa mnyororo mrefu wa nyaya na mawimbi. Kadiri mnyororo unavyorefuka, ndivyo wajibu wa kukiri ulipokatika unavyokua.

Pingamizi la pili linatoka kwenye imani, na ndilo zito kuliko yote. Litasema kwamba maisha yote yanaendeshwa bila kujua kilichobaki. Hakuna mwenye kipimo cha siku zake. Anayedai kila kitu kipimwe kabla hajapiga hatua amempunguzia Mungu nafasi. Tawakali maana yake ni kwenda bila kushika namba mkononi. Katika mkoa uliomtoa Laurean Rugambwa, kadinali wa kwanza Mwafrika, na askofu Josiah Kibira aliyeliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, na ambako adhana na kengele husikika katika mji mmoja, hoja hii haiwezi kupitwa juujuu. Nayo ina ukweli ndani yake. Yapo mambo ambayo kipimo chake hakipo na hakitakuwepo. Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba tunaweza kujua Mungu si nini kuliko kujua ni nini, na Waislamu hufunga mjadala kwa kukiri kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Mbele ya fumbo la namna hiyo, sijui ni ibada.

Lakini fumbo ni jambo moja, na deni ni jambo jingine. Fumbo ni lile lisilopimika. Deni ni lile linalopimika ambalo hatujajisumbua kulipima. Volti za betri si fumbo. Idadi ya abiria wa daraja la tatu haikuwa fumbo. Ingehitaji mtu mmoja, kalamu na daftari mlangoni. Kulichukua deni na kulipandisha hadhi liwe fumbo ni kumtumia Mungu kama pazia la uzembe wetu, na sijui kama kuna namna nyingine ya kulitaja jina lake bure iliyo ya kila siku kuliko hiyo. Vitabu vyenyewe havituachii kisingizio. Wale wanawali watano wa Injili walioachwa nje ya arusi hawakukosa imani. Walimngoja bwana arusi yuleyule kama wenzao, wakiwa na taa kama za wenzao. Walichokosa ni mafuta, na hawakuwa wamekadiria usiku utakuwa mrefu kiasi gani. Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Na ni vigumu kupata mfano ulio karibu zaidi na mtu anayerusha chombo juu ya ziwa huku akisema Mungu yupo. Katika mapokeo ya Kiislamu, bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kufungwa na kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Hata katika dini ya kale ya Wahaya, Mugasha mwenye ziwa na dhoruba aliogopwa na kuheshimiwa, na heshima hiyo haikuwa badala ya kuziba ufa wa mtumbwi. Tawakali huanza pale kamba inapoishia. Haiji mahali pa kamba.

Pingamizi la tatu ni la haraka na huruma. Mwaka 2018 Ukerewe palifanyika majaribio ya kupeleka dawa kwa droni, kwa ushirikiano wa DHL, Wingcopter na GIZ. Droni ilivuka kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, wakati njia ya barabara ni kilomita 240 na huchukua saa 6 hivi. Tuseme kisiwani kuna mama anayevuja damu baada ya kujifungua, dawa ipo bara, na namba ya betri haionekani. Je, tumwache afe huku tukitafuta waya uliolegea? Nasema wazi kwamba hoja yangu haikatazi kuruka. Kuna saa ambayo kuruka gizani ni wajibu. Inachokataza ni kuruka gizani na kusema ni mchana. Aliyekiri kwamba hajui atatenda tofauti na aliyejiandikia sifuri au mia. Atachukua betri iliyotoka kuchajiwa, ataipima kwa multimita kabla ya kuifunga, seli kwa seli, na huko ni kuitafutia habari isnadi nyingine. Ataweka saa mkononi, kwa sababu anajua kwamba ile kinga ya kuirudisha droni nyumbani volti zinaposhuka haiwezi kufanya kazi kama volti hazisomwi. Atamwambia mkunga aliye kisiwani: tumeirusha, lakini hatuna uhakika itafika, kwa hiyo mtumbwi nao uondoke sasa hivi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tofauti yote. Sijui iliyotamkwa humpa mwenzako nafasi ya kujiokoa, na sijui iliyofichwa humfunga kwenye bahati yako bila ridhaa yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Tuongeze kwamba mara nyingine maradhi hufichwa na huyu na kifo kikamchukua yule.

Kwa hiyo kukiri kutojua si udhaifu wa elimu wala upungufu wa imani. Ni tendo la jirani kwa jirani. Kwa sababu hiyo linadai mambo mawili kwa pamoja: lisemwe, na lisiachwe hapo. Anayesema sijui kisha akaketi amelifanya neno hilo kuwa mto wa kulalia. Imam Malik alisema sijui baada ya kutafuta; fundi anasema sijui akiwa tayari ameshika multimita. Alama ya hasi 1 kwenye skrini ni wito wa kushuka chini na kuufuata waya.

Na anayeufuata waya hadi mwisho mara nyingi hukuta jambo la kumfikirisha. Betri nzima, soketi nzima, moduli nzima, hakuna waya uliokatika. Kosa limo ndani ya mipangilio. Katika ArduPilot kuna mpangilio uitwao BATT_MONITOR, na ukiandikwa 0 maana yake ni kwamba betri isipimwe kabisa. Ukibadilishwa kuwa 4, kontrola ikazimwa na kuwashwa upya, volti na mkondo huanza kusomwa, ile kinga ya kuirudisha droni nyumbani hupata cha kusikiliza, na pale palipokuwa na vistari hutokea 16.4. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Betri ilikuwa ikitoa habari zake muda wote, kila sekunde, kwenye waya uliofika hadi mlangoni mwa kontrola, na kontrola ilikuwa haijaagizwa kusikiliza. Abiria wa daraja la tatu walipita kwenye ngazi mmoja mmoja, kila mmoja akitoa habari yake kwa uzito wa mguu wake juu ya ubao. Hawakuwa kimya. Hapakuwa na aliyeagizwa kuwahesabu.